Kwa nini mwimbaji wa bendi za swingi anaingia katikati ya wimbo? Nimemsikia Helen Forrest nimebaki na maswali

SikioLaUsiku aliandika:

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaoijua jazi ya zamani, ile ya bendi kubwa za Marekani miaka ya 1930 na 1940, maana mimi nimeingia huku juzi juzi tu na kila nikisikiliza ndo nazidi kuwa na maswali.

Ilianza hivi. Usiku nimelala nasikiliza Artie Shaw, mpiga klarineti na kiongozi wa bendi, kwa earphone, ikaja Deep Purple ya 1939. Bendi inaanza, klarineti inaenda zake, saksafoni zinajibu, mimi nishajiaminisha huu ni wimbo wa vyombo vitupu na usingizi umeshanichukua nusu, mara sauti ya mwanamke hiyo. Imetulia, kila neno unalisikia hadi herufi ya mwisho, hajikazi, hashindani na bendi, kama mtu anayekwambia jambo lake akiwa amekaa karibu na wewe. Nikainuka. Kabla sijakaa vizuri ashamaliza, bendi imeuchukua wimbo wake inaumalizia yenyewe. Nilirudisha nyuma mara nne usiku ule.

Kucheki jina ni Helen Forrest. Nikaanza kumfuatilia nikakuta huyu dada alipita kwa Artie Shaw, akaenda kwa Benny Goodman, akaenda kwa Harry James, yaani bendi tatu zilizokuwa juu kabisa Marekani, na zote hizo ndani ya miaka mitano hivi. Na nyimbo nyingi ni vilevile, anasubirishwa, anapewa kipande chake, anakaa.

Sasa mnisaidie, hii ya kuingizwa katikati ilikuwa ni nini? Walikuwa hawawaamini waimbaji? Alikuwa mwanabendi kabisa au mtu wa kukodiwa? Na ilikuwaje mtu aliyepita kwenye bendi zote hizo leo ukimtaja wengi hawamjui wakati Sinatra na Ella wanajulikana na kila mtu?

Sahani78 aliandika:

Mkuu karibu sana huku, na umeanza na mtu sahihi. Helen Forrest kwangu mimi ndiye mwimbaji wa bendi aliyekamilika kuliko wote, na nasema mwimbaji wa BENDI, hiyo ni kazi tofauti na mwimbaji wa kujitegemea.

Kwanza kabisa ujue zile nyimbo zilitengenezwa watu wacheze. Ukumbi umejaa, watu mia kadhaa wako chini wanacheza wawili wawili, bendi ya watu kama kumi na tano iko juu, na aliyewaleta watu pale ni kiongozi wa bendi. Jina lake ndilo liko kwenye tangazo na ndilo liko kwa herufi kubwa kwenye lebo ya sahani, yaani santuri. Mwimbaji jina lake linakaa chini kwa herufi ndogo, na wanaandika tu kwamba kiitikio kimeimbwa na fulani, kana kwamba ni chombo kimojawapo kilichopewa nafasi ya kupiga solo.

Halafu kuna hesabu. Sahani ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika inabeba kama dakika tatu tu kila upande. Wimbo wa kawaida wa enzi zile una bari 32, yaani vipande vidogo vya mdundo vinavyolingana, kila bari mapigo manne, jumla mapigo 128. Ukiupiga kwa mwendo wa mapigo 110 kwa dakika, mzunguko mmoja, yaani kuupitia wimbo wote mara moja, unakula kama dakika moja na sekunde kumi. Kwa hiyo kwenye sahani nzima una mizunguko miwili na nusu basi. Bendi inachukua wa kwanza ili watu washike mdundo na wausikie ufundi wa kiongozi, mwimbaji anapewa wa pili, nusu iliyobaki bendi inafunga. Kile ulichokisikia kwenye Deep Purple ndo mpango wenyewe.

Ila jukwaani ndo ilikuwa ngumu zaidi. Mwimbaji wa kike alikuwa na kiti chake pembeni mbele ya bendi. Anakaa pale na gauni refu usiku mzima, mgongo umenyooka, uso una tabasamu, anasubiri zamu yake. Zamu ikifika anasimama, anaenda kwenye maikrofoni, anaimba mzunguko mmoja, anarudi kukaa. Huna nafasi ya kupasha moto sauti na huna beti ya pili ya kurekebisha kama ya kwanza ilikuharibikia. Show ikiisha ni basi la bendi, wanaume watupu na yeye peke yake mwanamke, mnasafiri usiku kucha mpaka mji mwingine, na lile gauni linatakiwa liwe limenyooka tena jioni.

Kuhusu swali lako la pili, alikuwa mwanabendi wa mshahara wa wiki. Sahani ikiuza sana, pesa ya mauzo kwa kawaida ilikuwa ya kiongozi.

Sasa Helen mwenyewe. Amezaliwa Atlantic City 1917 kwa jina la Helen Fogel, familia ya Kiyahudi, akaimba redioni kwa majina mengine mengine kabla hajalitulia hili la Forrest. Shaw alimchukua 1938. Novemba 1939 Shaw akachoka na umaarufu, akashuka jukwaani pale Hotel Pennsylvania jijini New York akaondoka zake hadi Meksiko, bendi akaiacha. Helen akahamia kwa Goodman. Kule aliimba vizuri sana, sikiliza The Man I Love ya 1940, lakini maisha yalimshinda. Goodman alikuwa na tabia ya kupigapiga klarineti yake nyuma ya mwimbaji wakati mwimbaji anaimba, yaani wewe unatafuta hisia yeye anajaza kila upenyo. Mwaka 1941 aliondoka, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliondoka ili akili yake isije ikavurugika.

Ndo akaenda kwa Harry James na sharti moja, na hapa ndipo ninapompendea. Hakuwa anabishania mshahara. Alitaka wimbo ajengewe yeye, auanze na aumalize kama hadithi, asiwe mtu wa kuchomekwa katikati ya solo za watu. James akakubali, na ukisikiliza sahani zao za 1942 utaona mpangilio wa muziki umebadilika kabisa. I Had the Craziest Dream, tarumbeta ya James inafungua na violini ziko chini yake, inaandaa sehemu ya kukaa, halafu Helen anapoingia kila kitu kinampisha. Ile ndo namna waimbaji walivyokuja kurekodiwa miaka yote iliyofuata.

DramsMbele aliandika:

Sahani78 nakubaliana na mengi mkuu ila hapo kwenye "kuchomekwa katikati" kama umewaweka viongozi wote kwenye kapu moja, na Chick Webb hakuwa hivyo.

Nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya mleta mada. Ella Fitzgerald aliingia jukwaani kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, Novemba 1934 kwenye usiku wa wanaojaribu vipaji. Ana miaka 17, mama ameshafariki, hana makazi ya kueleweka, na alikwenda pale kucheza dansi. Waliomtangulia wakacheza vizuri mno akaogopa, akaimba. Akashinda dola 25. Webb alipoletewa huyu binti hakumtaka mwanzoni kwa sababu ya mwonekano wake, nguo zimechakaa, nywele hazijatengenezwa, na enzi zile kama alivyosema mkuu hapo juu mwimbaji wa kike alikuwa wa kutazamwa pia. Akampa jaribio kwenye dansi moja ya wanafunzi wa chuo cha Yale. Wanafunzi wakampenda, akabaki.

Webb alikuwa mpiga drams, mfupi, mgongo umepinda kwa sababu ya kifua kikuu cha uti wa mgongo alichougua utotoni, na bendi yake ndiyo ilikuwa mwenyeji wa ukumbi wa dansi wa Savoy Ballroom pale Lenox Avenue, Harlem. Savoy kulikuwa na majukwaa mawili, bendi mbili zinapokezana ili muziki usikatike, na bendi ngeni zikija ilikuwa vita. Mei 1937 Goodman alikwenda pale akakutana na Webb na drams za Webb zikammaliza. Sasa mtu mwenye bendi kama hiyo angeweza kabisa kumweka Ella kwenye kiti na kumsahau. Yeye alifanya kinyume, akaanza kuijenga bendi kumzunguka yule binti.

Sikilizeni A-Tisket, A-Tasket, imerekodiwa Mei 2, 1938. Wazo la kuchukua wimbo wa watoto lilikuwa la Ella mwenyewe, Van Alexander akaupangilia. Ella analia amepoteza kikapu chake, wanabendi wanaume wazima wanamuuliza kilikuwa chekundu? cha bluu? na yeye anawajibu hapana hapana, cha njano. Hapo bendi ndiyo inayomhudumia mwimbaji! Miaka mitatu na zaidi kabla Helen hajampa Harry James lile sharti.

Webb akafariki Juni 16, 1939. Bendi ikapewa jina la Ella, msichana wa miaka 22, akaiongoza hadi 1942. Nikifikiria hilo huwa nasikia uchungu na fahari pamoja.

BintiWaSauti aliandika:

Naomba niongee kama mtu anayeimba, mimi ni sauti ya tatu kwenye kwaya miaka mingi.

Kaka SikioLaUsiku umesema kila neno unalisikia hadi herufi ya mwisho. Hiyo siyo bahati. Mimi nilikaa na Helen Forrest wiki nzima nikijaribu kuimba naye sambamba, nikagundua nakata pumzi pale ambapo yeye hakati. Anaunganisha mistari miwili kwa pumzi moja, na anapovuta pumzi huisikii. Sinatra alipokuwa kwa Tommy Dorsey alisema alijifunza hilo kwa kumwangalia Dorsey anavyopuliza tromboni, sentensi ndefu isiyokatika. Waimbaji wa bendi walikaa karibu na wapulizaji kila usiku, wakaanza kuimba kama wapulizaji. Ndiyo shule yao ilikuwa hiyo, na ile kukaa kwenye kiti bila kuimba nadhani ilikuwa sehemu ya masomo, maana unasikiliza saa nne mfululizo.

Na kuna maikrofoni. Kabla yake mwimbaji wa bendi alipaza sauti au alitumia kipaza cha mkononi kama tarumbeta kubwa. Maikrofoni ilipofika ndipo mtu akaweza kuimba polepole mbele ya tromboni nne na bado ukamsikia. Mwimbaji Mildred Bailey alipoingia kwenye bendi ya Paul Whiteman 1929 ndipo ule mtindo wa mwanamke kuwa mwimbaji wa kudumu wa bendi kubwa ukaanza kushika.

Ila kuna jambo hamjaligusa na haliwezi kupita. Helen alipofika kwa Artie Shaw 1938 alimkuta mwimbaji Billie Holiday. Bendi moja, waimbaji wawili, mmoja mweusi mmoja mweupe. Shaw alimchukua Billie mwaka huohuo, ni kati ya mara za kwanza kabisa mwanamke mweusi kuwa mwimbaji wa kudumu wa bendi ya wazungu, na walipokwenda majimbo ya kusini mnaweza kufikiria wenyewe. Lakini kilichomkatisha tamaa kilitokea New York, siyo kusini. Bendi inapiga Lincoln Hotel, jina la Billie liko kwenye kazi, halafu anaambiwa atumie lifti ya mizigo na asionekane kwenye mlango wa mbele. Akaacha. Na kwa sababu yeye na Shaw walikuwa na mikataba ya kampuni tofauti za santuri, wimbo mmoja tu ndio waliorekodi pamoja studio, Any Old Time, Julai 1938. Mmoja! Ukiusikiliza ni mpango uleule wa bendi kwanza, kisha Billie mzunguko mmoja, na anaimba nyuma kidogo ya mdundo kana kwamba hana haraka na mtu yeyote.

Kwa hiyo tukisema mwimbaji alipewa kiti pembeni, tukumbuke kuna waliokatazwa hata hicho kiti.

SikioLaUsiku aliandika:

Dada BintiWaSauti umenigusa hapo kwenye wimbo mmoja. Nimeusikiliza sasa hivi, nimekaa kimya.

Asanteni wakuu wote. Sasa bado sijaelewa kitu kimoja. Kama 1942 bendi ndizo zilikuwa na nguvu zote na mwimbaji ni mtu wa mshahara, ilikuwaje miaka minne mitano baadaye bendi zinavunjika na waimbaji ndio wanaobaki? Nini kiligeuza?

Sahani78 aliandika:

DramsMbele nimekubali kuhusu Webb, nilimpitia juu juu na hakustahili.

Mkuu SikioLaUsiku, sababu ziko nyingi zimerundikana. Vita, vijana wa bendi wanaitwa jeshini, matairi na petroli vinagawiwa kwa mgao kwa hiyo basi la bendi halitembei, na 1944 serikali ikaweka kodi ya asilimia 30 kwenye kumbi za burudani zenye kucheza na kuimba, ikashushwa hadi 20 lakini uharibifu ushafanyika. Ila kubwa kwa mada yetu ni mgomo.

Agosti 1, 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani chini ya James Petrillo kilisimamisha wanachama wake wote kurekodi, wakidai kampuni za santuri zilipie wanamuziki wanaokosa kazi kwa sababu ya sahani kupigwa redioni na kwenye mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Decca walikubali masharti Septemba 1943, Columbia na Victor wakavuta hadi Novemba 1944. Miaka miwili na zaidi! Sasa angalia, mwimbaji hakuhesabiwa kama mwanamuziki wa chama kile. Kwa hiyo kampuni zikawaingiza waimbaji studio bila chombo hata kimoja, nyuma yao kikundi cha sauti kinafanya kazi ya bendi. Dick Haymes alitoa You'll Never Know 1943 kwa namna hiyo na ikapanda mpaka namba moja. Mtu uliyekuwa unamdharau kwamba ni pambo la jukwaani ndiye pekee anayeweza kurekodi.

Na mfano ninaoupenda ni sahani ya All or Nothing at All. Sinatra aliiimba na Harry James 1939, haikufika popote. Wakati wa mgomo Columbia hawana kipya cha kuuza, wakaitoa upya 1943, rekodi ileile bila kubadilisha noti moja, ila kwenye lebo jina la Sinatra likaenda juu na la James likashuka chini. Ikauzika kwa wingi sana. Ukizishika sahani hizo mbili mkononi unaona historia nzima imeandikwa kwenye karatasi ya duara.

Helen naye yumo kwenye hiyo hesabu. I've Heard That Song Before waliirekodi Julai 31, 1942, siku moja kabla ya mgomo. Studio zote wiki ile zilikuwa zinakimbizana kuweka akiba. Kwa hiyo 1943, wake za wanajeshi na wanajeshi wenyewe waliyokuwa wanaisikia redioni kila siku ni ile sauti iliyowekwa akiba dakika za mwisho.

MzeeWaMawimbi aliandika:

Niongeze mwisho wake, maana mleta mada aliuliza kwa nini hajulikani.

Aliondoka kwa Harry James mwishoni mwa 1943. Alikuwa amempenda yule bwana na alilisema waziwazi baadaye, na James Julai mwaka ule alikuwa amemwoa Betty Grable, nyota wa sinema. Fikiria kusimama kila usiku hatua mbili kutoka kwa mtu huyo unaimba nyimbo za mapenzi yaliyokataliwa. Watu husema Helen alikuwa fundi wa nyimbo za huzuni, mimi nasema sehemu ya ufundi ule ilikuwa maisha yake.

Akaenda Decca, akaimba kwenye kipindi cha redio na Dick Haymes hadi 1947, wakatoa nyimbo za wawili wawili zilizopendwa sana. Lakini Desemba 1946 ndani ya wiki chache viongozi kama wanane wakubwa walivunja bendi zao, Goodman na James na Dorsey wakiwemo, na soko likahamia kwa waimbaji waliokuwa na kampuni ya kuwasimamia, televisheni, albamu ndefu. Ella alimpata mtayarishaji Norman Granz akamtengenezea zile albamu kuanzia 1956. Sinatra alikuwa na filamu. Helen hakupata mtu wa namna hiyo. Nyimbo zake bora zilibaki ndani ya sahani zenye majina ya wanaume wengine, mpaka leo ukitafuta Deep Purple ile unaandika Artie Shaw. Mimi naona sababu ni hiyo tu, kipaji hakikupungua.

Na hakuacha kuimba. Miaka ya 60 mwanzoni alizunguka na bendi iliyokuwa inaendeleza jina la Tommy Dorsey, 1983 akatoa albamu akiwa na miaka 66, na kilichomsimamisha ilikuwa ugonjwa wa viungo. Alifariki Julai 1999 California.

Kama unataka kumsikia vizuri, weka I Don't Want to Walk Without You usiku, taa zima, na usikilize anavyolitamka neno "walk". Analivuta kidogo tu halafu analiachia.

SikioLaUsiku aliandika:

Shikamoo mzee, asante sana. Nimeiweka hapa. Tarumbeta imeanza, namsubiri aingie.